Wateja wa dagaa wetu wanatoa maoni yanayopingana: tuanze kurekebisha lipi?

Msindikaji_Ilemela

Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi ni mmoja wa kikundi cha akina mama na vijana kinachosindika dagaa hapa Ilemela, Mwanza. Mzigo tunaununua soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na mara nyingine moja kwa moja kwa waanikaji wa Ukerewe, kisha tunapepeta, tunaondoa uchafu, tunawakausha upya na kuwafungasha katika pakiti za gramu 250 na za nusu kilo. Tunauza katika maduka ya Buzuruga, Nyakato na Igoma, na pia tunatuma mzigo kwa basi kwa wateja wa Dodoma na Dar es Salaam.

Tangu tulipoweka namba ya simu kwenye pakiti, maoni yamekuwa mengi. Mengine yanakuja kwa WhatsApp, mengine yanaletwa na wenye maduka, na mengine tuliyaandika daftarini wakati wa maonyesho ya Nane Nane pale Nyamhongolo. Shida ni kwamba yanavutana. Wapo wanaosema dagaa wetu ni wachungu, na wapo wanaosema hao ndio dagaa hasa na tusithubutu kuwabadilisha. Wapo wanaolalamikia mchanga. Wapo wanaolalamikia harufu, ingawa si kila wakati. Wenye maduka karibu wote wanataka tuache pakiti ya kaki tunayoitumia sasa na kuweka ile inayoonyesha kilichomo ndani. Wengi wanataka bei ishuke, na vijana waliopita kwenye banda letu walitaka tuwauzie dagaa waliokaangwa tayari na kutiwa pilipili.

Fedha tuliyonayo inatosha badiliko moja kubwa kabla masika hayajaanza. Katika kikao, wenzangu walipendekeza tuhesabu maoni, na lile lililosemwa na watu wengi ndilo lifanyiwe kazi. Mimi nasita, kwa sababu tukihesabu hivyo bei itashinda, na sioni namna ya kupunguza bei bila kununua mzigo hafifu, ambao utatuletea malalamiko mengine. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu: maoni ya namna hii yanachambuliwaje hadi yatoe uamuzi?

Mwaloni_Mkongwe

Dada Msindikaji, pole na hongera kwa kazi. Mimi nimefanya biashara ya dagaa Kirumba kwa miaka mingi, na nitasema juu ya harufu na mchanga tu, kwa kuwa hayo ndiyo ninayoyafahamu.

Umeandika kwamba harufu inalalamikiwa lakini si kila wakati. Maneno hayo yana uzito kuliko unavyodhani. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi ni za sola, kwa sababu mwanga huwavuta samaki kuja juu. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa taa haina nguvu, wavuvi wengi hupumzika, mzigo hupungua sokoni na bei hupanda. Anayenunua katika siku hizo mara nyingi anauziwa mzigo uliokaa ghalani tangu giza lililopita. Kwa hiyo kabla hamjabadilisha chochote, chukueni kila lalamiko la harufu, mtazame pakiti hiyo ilifungashwa lini na mzigo wake ulinunuliwa siku zipi za mwezi. Kisha fanyeni vivyo hivyo kwa mvua. Katika masika, dagaa wanaoanikwa asubuhi hunyeshewa kabla hawajakauka, wakaanza kuharibika wakiwa bado juu ya mchanga au chanja (kichanja cha kuanikia kilichoinuliwa juu ya ardhi), na hata wakija kukauka baadaye, harufu haitoki.

Jambo la pili ni kumuuliza mteja harufu hiyo ni ya namna gani. Kwetu sokoni harufu si moja. Ipo ya uvundo, ambayo maana yake ni kwamba samaki alikwisha kuharibika kabla hajakauka. Hiyo ilianzia kwa mvuvi au kwa mwanikaji, na ninyi hamwezi kuiondoa. Ipo ya mafuta yaliyochacha, ambayo huja kwa kukaa muda mrefu kwenye joto, hewa na mwanga. Hiyo inatokana na ghala au na rafu ya duka. Ipo ya ukungu, ambayo ni unyevu uliofungiwa ndani ya pakiti. Hiyo ni ya kwenu, kwa maana mlifungasha dagaa ambao hawajakauka sawasawa. Mteja atasema "wananuka" kwa zote tatu, lakini kila moja ina dawa yake, na mkitibu isiyokuwepo mtapoteza fedha.

Kuhusu mchanga, jibu lake halipo kwenye upepetaji. Dagaa aliyeanikwa chini hushikwa na mchanga akiwa mbichi, akikauka mchanga unakuwa sehemu ya ngozi yake. Nunueni wa chanja. Ni ghali zaidi, najua, lakini angalieni kwanza kama malalamiko ya mchanga hayatoki kwenye mzigo wa mtu mmoja au wawili tu.

Mwalimu_wa_Biashara_Malimbe

Nakubaliana na Mzee wa Mwaloni, na ninaomba kuongeza upande wa maoni yenyewe, kwa sababu nafundisha wajasiriamali wadogo na swali hili nakutana nalo mara kwa mara.

Umefanya vyema kusita mbele ya pendekezo la kuhesabu. Kuhesabu kunafaa pale ambapo maoni yote ni ya aina moja, lakini katika orodha yako kuna vitu visivyojumlishika. "Dagaa wana mchanga" ni tukio lililompata mtu. "Wekeni pakiti inayoonyesha" ni pendekezo la ufumbuzi, na tatizo lililo nyuma yake halijatajwa. "Punguzeni bei" ni tamko ambalo karibu kila mnunuzi wa bidhaa yoyote atalitoa akiulizwa, kwa kuwa kulitoa hakumgharimu kitu. Ningeanza kwa kuyatenga hayo matatu katika kurasa tofauti za daftari, kisha nikarudi kwa waliotoa mapendekezo na kuwauliza ni nini kilichowatokea hadi wakafikiria hivyo. Mtu anayetaka kuona ndani ya pakiti huenda aliwahi kuuziwa unga wa dagaa waliovunjika, au aliwahi kukuta mchanga, na hataki kurudia. Ikiwa ndivyo, anachokitaka ni uhakika, na pakiti inayoonyesha ni njia moja tu ya kumpa uhakika huo. Tena ni njia yenye hasara, kwa sababu mafuta ya samaki huchacha upesi yanapopigwa na mwanga. Mtakuwa mmemtii mteja leo na kumpa sababu ya kulalamikia harufu baada ya miezi michache.

Mwaka 1984 Profesa Noriaki Kano wa Japani na wenzake walieleza kwamba sifa za bidhaa hazina uzito wa aina moja machoni pa mteja. Zipo sifa ambazo mteja anazihesabu kuwa ni lazima: zikiwepo hasifu, zikikosekana anaondoka. Zipo ambazo kadiri unavyoziongeza ndivyo anavyoridhika. Na zipo zinazompendeza kwa kuwa hakuzitarajia, ambazo hata zisipokuwepo halalamiki. Hakuna mama atakayekupigia simu kukushukuru kwamba leo hakutafuna mchanga, lakini mchanga ukiwepo, pilipili na nakshi za pakiti hazitakusaidia. Kwa maoni yangu mchanga na harufu vinatangulia, hata kama waliovitaja ni wachache kuliko waliotaja bei, na dagaa wa pilipili wanasubiri.

Nataka pia kuonya juu ya namna ya kuuliza, kwa sababu majibu hayazidi swali. Kampuni ya Coca-Cola ilionjesha kinywaji chake kipya kwa watu wapatao 200,000 kabla ya kukitoa Aprili 1985 huko Marekani, na waonjaji wengi walikipenda. Kilipoingia sokoni na cha zamani kikaondolewa, wanunuzi walipinga kwa nguvu kiasi kwamba cha zamani kilirudishwa Julai mwaka uleule. Majaribio yale yalipima ladha, na mtu anaweza kupenda ladha mpya huku akiumia kunyang'anywa ile aliyoizoea. Wale wateja wako wanaosema "hao ndio dagaa hasa" usiwachukulie kwamba wanasifu tu. Wanakuambia ni nini utakachokipoteza ukibadilisha.

Mwisho, watazameni wateja wanachofanya pamoja na wanachosema. Huduma ya M-Pesa huko Kenya ilijaribiwa mwaka 2005 kwa lengo la kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Katika majaribio hayo ilionekana kwamba watu waliitumia kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa mwaka 2007 ilijengwa juu ya matumizi hayo. Mteja wako wa Dodoma anayenunua pakiti nyingi za gramu 250 kwa mpigo badala ya za nusu kilo anakueleza jambo, ingawa hajaandika ujumbe. Huenda naye anauza rejareja, huenda anahofia pakiti kubwa ikifunguliwa itaharibika. Muulize.

Duka_Buzuruga

Mwalimu ameeleza vizuri, lakini naomba sisi wenye maduka tusihesabiwe kama watu wanaosumbua tu. Dagaa wa kupima kwa kopo mteja anawaona, anawashika, hata anatafuna mmoja kabla hajalipa. Ukimpa pakiti iliyofunikwa kote, yenye bei ya juu kuliko ya kopo, anairudisha rafuni na wewe mtengenezaji hutajua kamwe kwamba alikuwepo. Mimi ndiye ninayemwona. Maoni mnayopokea kwa simu ni ya mtu aliyekwisha kununua, lakini aliyeishika pakiti akaiacha hana namba yenu.

Ushauri wangu ni kwamba mtuachie daftari dogo dukani, tuwe tunaandika mteja aliuliza nini kabla ya kuiacha pakiti. Haitachukua muda wetu mwingi, na mtapata habari ambazo simu haiwezi kuwaletea. Nikiri pia kwa niaba ya wenzangu kwamba wapo wanaozitundika pakiti mlangoni ambako jua la mchana linazipiga, kwa hiyo lalamiko la harufu msilichukue lote kuwa ni lenu.

Msindikaji_Ilemela

Nawashukuru sana nyote. Pakiti zetu zina tarehe ya kufungashwa, na manunuzi ya Mwaloni tunayaandika kwa tarehe, kwa hiyo tumekaa na kuyaoanisha kama Mzee wa Mwaloni alivyoelekeza. Tulichokiona kimenishangaza.

Malalamiko ya mchanga karibu yote yanaangukia mzigo wa muuzaji mmoja, ambaye dagaa wake huanikwa chini. Ya harufu yanajikusanya kwenye pakiti za masika, na wateja tuliofanikiwa kuwapata tena walieleza harufu inayofanana na ya ukungu. Maana yake ni kwamba tatizo liko kwenye ukaushaji wetu wakati wa mvua. Yale ya mbalamwezi hayakujitokeza sana, pengine kwa kuwa siku hizo tunanunua kidogo.

Uchungu ndio umebaki fumbo. Wanaoulalamikia wote ni wa Dodoma na Dar es Salaam, na hapa Mwanza hakuna hata mmoja aliyeutaja, ingawa dagaa ni walewale, kutoka mzigo uleule. Je, hili ni tatizo la bidhaa au la mazoea? Na kama ni la mazoea, tunapaswa kulifanyia kazi?

Sengerema_hadi_Kinondoni

Dada yangu, mimi nimezaliwa Sengerema na sasa naishi Dar es Salaam, hivyo pande zote mbili nazijua jikoni. Huku watu wengi wamezoea dagaa wa Kigoma au dagaa wa baharini, na dagaa wa Mwanza wanawalinganisha na hao. Isitoshe, kwetu mtoto anakua akimwona mama yake akiwachambua dagaa, anatoa vichwa na matumbo, anawaosha kwa maji ya moto mara kadhaa, ndipo anawaunga kwa nyanya na vitunguu na kuwakamulia ndimu. Mtu wa huku anayekuta pakiti safi yenye lebo nzuri anaamini kwamba kazi hiyo imekwisha kufanyika. Anamimina sufuriani moja kwa moja. Uchungu anaoupata ni wa tumbo la dagaa, na nyumbani kwetu ungekuwa umetolewa kabla ya kupika.

Majirani zangu wawili waliokuwa wameapa kutowala tena nimewaonyesha namna ya kuwaandaa, na sasa wananunua. Sidhani kama mnahitaji kubadilisha dagaa. Andikeni nyuma ya pakiti namna ya kuwaandaa, kwa maneno machache na ya wazi.

Mwalimu_wa_Biashara_Malimbe

Mchango wa ndugu yetu wa Kinondoni ni wa thamani kubwa, kwa sababu unaonyesha kwamba lalamiko lilelile linaweza kusababishwa na ahadi ambayo pakiti inaitoa bila kukusudia. Hata hivyo sitaki tuamue kwa ushuhuda wa jikoni moja. Chapisheni stika ya maelekezo ya kupika, ambayo gharama yake ni ndogo, muibandike kwenye nusu ya pakiti zinazokwenda Dar es Salaam, na nusu nyingine ziende kama zilivyo, kutoka mzigo mmoja na kwa bei moja. Zipangeni kwa maduka, duka moja lipate zenye stika na jingine zisizo nayo, kisha baada ya muda mbadilishane, ili tofauti ya duka na duka isiwadanganye. Kipimo kiwe ni wateja wangapi wamerudi kununua. Kuwauliza kama wameipenda stika hakutawafikisha mbali, kwa kuwa mtu mwenye adabu atasema ameipenda.

Kama uchungu utaendelea kulalamikiwa hata penye stika, basi jaribuni pakiti chache za dagaa waliokwisha kuchambuliwa, ziwe bidhaa ya pili yenye bei yake. Msiibadilishe ile ya kwanza. Kazi ya kuchambua ni kubwa, na wapo wanaowataka dagaa wazima kwa sababu anayeliwa mzima ana madini zaidi, hasa chokaa ya mifupa, na mama anayesagia mtoto uji wa lishe hatapenda kuwakosa.

Kuhusu pakiti, namheshimu ndugu wa Buzuruga na hoja yake ya mteja anayeirudisha rafuni ni ya kweli, lakini bado sishauri pakiti inayoonyesha kote. Weka bakuli dogo la dagaa walewale kaunta, mteja aone na aonje kama alivyozoea kwenye kopo. Fedha yenu ya badiliko kubwa ningeielekeza kwenye kikaushio chenye paa la nailoni, ambacho kitawakinga dagaa na mvua huku jua likiingia. Malalamiko yenyewe ndiyo yaliyowaonyesha mahali hapo. Suala la mchanga halihitaji mtaji, linahitaji kubadilisha muuzaji.

Nikumbushe pia jambo la kisheria. Mnakusanya namba za simu na majina ya wateja, na mnakusudia kuwapigia tena. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mwambieni kila mteja kwamba namba yake mnaiweka kwa ajili ya kufuatilia ubora, msiitumie kwa jambo jingine bila ridhaa yake, na daftari lile la Nane Nane lisizagae mezani. Soma pia masharti ya usajili kwa Tume inayosimamia sheria hiyo, au pita ofisi za SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, hapa Mwanza ukaombe wakuelekeze.

Mwaloni_Mkongwe

Naongeza dogo tu kuhusu muuzaji wa mchanga. Msimwache kimya kimya. Mpelekeeni malalamiko yale mliyoyaandika, mwonyesheni tarehe za mzigo wake, na mwambieni bei mtakayomlipa akianika kwenye chanja. Waanikaji wengi hawajawahi kusikia lolote kutoka kwa mlaji wa Dodoma, kwa sababu habari huishia kwa mnunuzi wa kwanza hapa sokoni. Akikataa, njoo Mwaloni asubuhi, mapema kipindi cha giza kinapoanza, uliza wanaoshusha mzigo wa chanja kutoka Ukerewe na Ukara. Na usinunue kwa macho peke yake: tia wachache kwenye maji masafi ndani ya glasi, wakoroge, kisha tazama kinachotua chini.